Je, Kahawa Inakula Mifupa?

Wajukuu zangu, katika Tanzania nzima sidhani kama kuna mkoa wenye habari nzito za mifupa kuliko huu wetu wa Lindi. Ukitoka Lindi mjini ukaelekea kaskazini-magharibi, mwendo wa kama kilomita 60, utafika kwenye kilima cha Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akizunguka huko kutafuta madini, akakuta mifupa mikubwa ajabu imejitokeza juu ya ardhi. Habari zikafika Ulaya. Kuanzia 1909 hadi 1913 wakaja wataalamu kutoka Berlin, na mamia ya watu wa huku kwetu wakaajiriwa kuchimba.

Kila mfupa ulipotolewa ulifungwa vizuri, ukabebwa kichwani na mabegani, siku kwa siku, mpaka bandari ya Lindi, ukapakiwa melini. Jumla ya mzigo huo ilizidi tani 200. Mmoja wa wanyama waliotoka humo anaitwa Giraffatitan. Leo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kichwa chake kiko zaidi ya mita 13 juu. Aliishi Lindi miaka kama milioni 150 iliyopita, kabla hata hajazaliwa mtu wa kumkimbia.

Aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji na mjuzi wa kuitengeneza mifupa hiyo alikuwa Mwafrika, Boheti bin Amrani. Wazungu walipata sifa mapema, yeye akasubiri. Mwaka 2007 ndipo mnyama mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Na kabla hamjauliza: mifupa ile itarudi lini nyumbani? Swali zuri, tena la haki, lakini si la leo.

Ninachotaka mkione ni hiki: mfupa hausahau. Mtaalamu wa Ujerumani, Martin Sander, alitoboa mifupa ya Tendaguru akatoa vipande vyembamba, akavitazama kwa hadubini. Katika kazi aliyoitoa mwaka 2000 alieleza jinsi wanyama wale walivyokua, kwa kusoma alama zilizobaki ndani ya mfupa. Na siyo wanyama tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Waswahili. Kilwa imo, Songo Mnara imo, Lindi imo. Mifupa na meno yao ndiyo yaliyosema: mababu zetu walitokana na Waafrika wa huku na watu waliovuka bahari, hasa kutoka Uajemi, wakaoana.

Sasa lile swali lenu. Mmoja wenu alisikia kijiweni kwamba anayekunywa kahawa miaka mingi mifupa yake huliwa pole pole, uzeeni anavunjika kama ukuni mkavu. Mwingine akasema hapana, ni chai ya rangi. Wa tatu, ambaye anapenda chai yenye sukari nyingi, akanyamaza kabisa. Nawapenda nyote, lakini jibu haliko kwa yeyote kati yenu, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza mjue kwamba Kilwa ilikuwa Kilwa kabla ya kahawa. Ibn Battuta alipotia nanga hapa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyejenga Husuni Kubwa, hakuna aliyemkaribisha kwa finjani. Mti wa kahawa asili yake Uhabeshi, na kinywaji chenyewe tunaanza kukisikia vizuri karne ya 15 huko Yemen, kwa masufi waliotaka kukesha katika ibada bila kusinzia. Kutoka huko kikasambaa na mahujaji na majahazi. Chai nayo ilichelewa zaidi. Ajabu ni kwamba bakuli za Kichina zilifika Kilwa karne nyingi kabla ya majani ya chai: hadi leo ukitembea Kilwa Kisiwani, hasa maji yakitoka, unaviona vigae vyake. Watu walikula wali katika sahani ya China bila kuijua chai ya China.

Leo mambo yamegeuka. Asubuhi Kilwa Masoko bila chai na vitumbua siyo asubuhi. Alasiri Kilwa Kivinje, wazee wakiwa kwenye bao, utamsikia muuza kahawa kwa mlio wa vikombe kabla hujamwona, dele lake la shaba juu ya makaa, na kashata pembeni. Mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe ndiyo usiseme. Kwa hiyo swali lenu si la kuchezea. Linahusu kitu ambacho mtu wa pwani anakifanya kila siku, kwa miaka 50 au 60, bila kufikiri.

Ili tujue kama kahawa inakula mifupa, tujue mfupa ni nini.

Wengi mnadhani mfupa ni kitu kilichokufa, kwa kuwa mnauona kwenye supu. Ukiwa ndani ya mtu mfupa ni hai kabisa: una mishipa ya damu, una neva, na una seli zinazofanya kazi mchana na usiku. Mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingine vinaungana anapokua, mpaka mtu mzima anabaki na mifupa 206. Ndani yake kuna nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, zinazoupa mfupa unyumbufu, na juu ya nyuzi hizo yamejazwa madini ya kalsiamu na fosforasi, yanayoupa ugumu. Ukiondoa madini, mfupa unapinda kama mpira. Ukiondoa nyuzi, unavunjika kama kigae.

Sasa fikirini nyumba ya kale ya Kisiwani, ile ya matumbawe na chokaa, ambayo haikosi mafundi. Kuna mafundi wabomoaji wanaozunguka kutafuta sehemu iliyochakaa, wanaichimba na kuitoa. Nyuma yao wanakuja mafundi wajenzi, wanajaza upya. Ndivyo mfupa ulivyo. Kwa mtu mzima, kama sehemu moja ya kumi ya mifupa yote hubadilishwa kila mwaka. Utotoni na ujanani wajenzi ni wengi kuliko wabomoaji, nyumba inapanda. Mtu akikaribia miaka 30 wanalingana. Baadaye wabomoaji wanaanza kuwashinda wenzao kidogo kidogo, na kwa wanawake mwendo huo huongezeka sana wakishakoma hedhi. Nyumba ikibomolewa kuliko inavyojengwa, kuta zinakuwa na matundu, na hapo ndipo bibi anajikwaa kizingitini anavunjika nyonga.

Na chokaa ile ya ukutani? Wala hapo sifananishi tena, ni jambo la kweli tupu. Kalsiamu iliyo katika matumbawe ya Msikiti Mkuu wa Kilwa ni kalsiamu ile ile iliyo katika magoti yenu. Mtu mzima ana kama kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake iko katika mifupa na meno. Ile asilimia moja iliyobaki, inayozunguka kwenye damu na misuli, ni ndogo lakini ndiyo bwana mkubwa: bila hiyo moyo haupigi sawasawa na misuli haikazi. Kwa hiyo mwili hauvumilii damu ikipungukiwa. Kalsiamu ikishuka, tezi nne ndogo shingoni hutoa amri, na kalsiamu inachomolewa kutoka mifupani, na deni hilo hulipwa kwa chakula. Usipokula, deni linabaki.

Hapa sasa ndipo kahawa inapoingia.

Ndani ya kahawa na chai kuna kitu kinaitwa kafeini. Ndicho kinachomfanya dereva wa basi la usiku kutoka Dar es Salaam afike Nangurukuru macho yakiwa wazi. Kafeini inafanya mambo mawili madogo kuhusu kalsiamu: inasababisha figo zipitishe kiasi kidogo zaidi kwenye mkojo, na inapunguza kidogo kiasi ambacho utumbo unakichukua kutoka kwenye chakula. Yaani wale wa kijiweni hawakutunga hadithi yote. Sehemu ni kweli.

Swali ni: kiasi gani? Hapa nawaleta kwa Robert Heaney, tabibu wa Chuo Kikuu cha Creighton, Omaha, Marekani, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuhesabu kalsiamu inayoingia na kutoka mwilini. Mwaka 2002 alikusanya tafiti zilizokuwapo akazipima upya. Akakuta kwamba kikombe kimoja cha kahawa kinamgharimu mtu kama miligramu 5 za kalsiamu. Hasara hiyo, alisema, inalipwa na kijiko kimoja au viwili vikubwa vya maziwa. Kijiko, siyo kikombe. Akaongeza jambo lililonifurahisha: tafiti zilizoonesha kahawa ina madhara makubwa mara nyingi zilikuwa kwa watu ambao kalsiamu waliyokula ilikuwa haitoshi tangu mwanzo.

Mtasema huyo ni mmoja. Haya, twende Uswidi, nchi ambayo watu wake wanakunywa kahawa kama sisi tunavyokunywa maji ya madafu, yaani wanazidi hata sisi. Watafiti huko waliwafuatilia wanawake 61,433 kuanzia mwaka 1987 hadi 2008, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wale waliokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walikuwa na mifupa iliyopungukiwa madini kwa asilimia 2 hadi 4, wakilinganishwa na waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Lakini walipohesabu waliovunjika, hawakukuta tofauti. Mifupa ilipungua kidogo, kuvunjika hakukuongezeka.

Na chai? Chai nayo ina kafeini, ingawa kwa kawaida kikombe chake kina kama nusu ya ile ya kahawa. Tungetarajia basi iharibu nusu. Haikuwa hivyo. Mwaka 2000 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha vipimo vya wanawake 1,256 wenye miaka 65 hadi 76. Wanywaji wa chai walikuwa na mifupa iliyoshiba madini zaidi ya wasiokunywa, kwa karibu asilimia 5 katika sehemu kadhaa za uti wa mgongo na nyonga. Mjanja mmoja atasema ni maziwa, Waingereza wanatia maziwa kwenye chai. Watafiti nao hawakuwa wajinga: walilitazama hilo, na tofauti ikabaki hata kwa wasiotia maziwa.

Halafu mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, wakatoa hesabu zao juu ya wanawake wa Marekani karibu 10,000, wote wa miaka 65 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa miaka kumi. Wanywaji wa chai walikuwa mbele kidogo kwenye mfupa wa nyonga, tofauti ndogo sana, unaweza kuipita bila kuiona. Wanywaji wa kahawa hawakuwa na shida mpaka walipozidi vikombe vitano kwa siku. Hapo mifupa yao ilianza kuonekana nyuma.

Kwa nini chai isaidie? Inadhaniwa ni zile kemikali zinazoipa chai ukakasi wake mdomoni, kwamba huenda zinawatia nguvu mafundi wajenzi na kuwapunguza kasi wabomoaji. Mimi mzee wenu nawaambia msiichukue hii kama dawa. Anayekunywa chai na asiyekunywa hutofautiana kwa mengi: chakula, kazi, mwendo, hata utulivu wa nyumbani. Utafiti wa kuwatazama watu wanavyoishi unaonesha vitu vinavyotembea pamoja, hauoneshi kila mara nani anamvuta mwenzake. Na vikombe vya Cambridge au Marekani siyo finjani za Kivinje.

Lakini chai ina jambo lake jingine, na hili ndilo ninalotaka mlisikilize vizuri.

Mti wa chai una tabia ya kufyonza madini ya floraidi kutoka ardhini na kuyalimbikiza kwenye majani, hasa yale yaliyokomaa. Floraidi kidogo inasaidia meno, ndiyo maana iko kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi kwa miaka mingi inaingia mifupani, inaufanya mfupa uwe mnene lakini wa kukatika, na viungo vinauma. Mwaka 2013 madaktari wa Detroit, Marekani, walieleza habari za mwanamke wa miaka 47 aliyekuja akilalamika maumivu ya mgongo, mikono na miguu. Meno yake yote yalikuwa yameshang'olewa kwa kukatikakatika. Picha za eksirei zikaonesha mifupa iliyojaa madini kupita kiasi. Walipomhoji, akasema kwa miaka 17 amekuwa akitengeneza jagi la chai kila siku kwa pakiti ndogo za majani 100 hadi 150. Mmesikia vizuri. Kwa siku moja. Ni chai ambayo nyumba nzima ya pwani, pamoja na wageni wa maulidi, isingeimaliza.

Msicheke sana, kwa sababu ugonjwa huo tunao hapa Tanzania, na hausababishwi na chai. Uko Arusha na Kilimanjaro, chini ya milima ya volkano. Maji yanapopita kwenye miamba ile yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna chemchemi na mito ya Arumeru inayopita kiwango hicho mara nyingi. Mahali pamoja kule panaitwa Maji ya Chai, kwa ajili ya rangi ya mto wake, na kwa miaka mingi watoto wa vijiji vya upande ule wameota meno ya kahawia, na wengine miguu imepinda. Serikali ina kituo cha utafiti cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi kwenye maji. Na mnajua wanaiondoa kwa nini? Kwa mifupa. Wanachukua mifupa ya ng'ombe, wanaichoma mpaka iwe mkaa, wanaisaga, wanapitisha maji humo. Mkaa wa mfupa unaikamata floraidi, kwa sababu mfupa ndivyo ulivyo, hata ukishachomwa bado unaivuta. Aliyewaza hivyo nampa mkono.

Huku kwetu pwani hatuna volkano, kwa hiyo floraidi siyo hofu yetu kubwa. Lakini mtoto wa Meru anayekunywa chai nzito iliyochemshwa kwa maji ya mto ule, anapata floraidi mara mbili, ya maji na ya majani. Ndugu zenu mkiwatembelea huko, waulizeni maji yao yanatoka wapi.

Hata hivyo, nikizitazama hesabu hizi zote, naona wale wa kijiweni walikosea mahali pa kutazama. Walitazama ndani ya kikombe. Mimi nawaambia tazameni pembeni ya kikombe.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto wa Somanga au Mchinga anakunywa nini kabla ya kwenda shule? Chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, andazi moja. Ameshiba? Ameshiba. Mifupa yake imepata nini? Karibu hakuna. Chai haikuiba kitu kikubwa, imekaa tu kwenye kiti cha uji wa ulezi, cha maziwa, cha dagaa. Na hilo linatokea katika miaka ile ile ambayo wajenzi wana kazi nyingi kuliko wakati wowote: msichana akifika miaka 18, na mvulana akifika 20, karibu asilimia 90 ya mifupa yote atakayokuwa nayo maishani imeshajengwa. Wamarekani wanapendekeza mtoto wa miaka 9 hadi 18 apate miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, zaidi ya mtu mzima. Kinachokosekana hapo siyo miligramu 5 za kahawa.

Nisiwatishe pia. Huko Gambia, kijiji cha Keneba, wataalamu wa Kiingereza wamekuwa wakiwapima watu kwa miongo mingi. Wanakijiji wale wanapata kalsiamu kidogo sana, kama miligramu 300 au 400 kwa siku, na bado wanawake wao wazee hawavunjiki mifupa ovyo kama wa Ulaya. Sababu zinajadiliwa: miili yao imezoea kubana matumizi, wanafanya kazi za nguvu, wana jua. Kwa hiyo mwili una akili yake. Ila Keneba hawakai kwenye kochi na simu mchana kutwa.

Maana mfupa unajengwa pale unapotumika. Wanaanga wanaokaa angani, ambako mwili hauna uzito, hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya nyonga kila mwezi, na hao ni watu wazima wenye afya wanaolishwa na wataalamu. Mifupa yao inaona haina kazi, mafundi wanaondoka. Mtoto anayecheza rede, anayeruka kamba, anayekimbizana na mpira wa makaratasi ufukweni, anawaita mafundi warudi. Kuogelea ni kuzuri kwa moyo, lakini kwa mfupa mguu lazima upige ardhi. Na jua letu linatengeneza vitamini D kwenye ngozi, ambayo bila hiyo utumbo hauichukui kalsiamu ipasavyo. Dada zenu wanaovaa wakajisitiri, jambo jema, wapate muda wa kuota jua uani mikono na miguu ikiwa wazi.

Chakula je? Pwani tunalia hatuna maziwa. Ni kweli zamani ng'ombe walikuwa adimu huku kwa sababu ya ndorobo, ingawa tangu wafugaji walipoletwa kutoka Ihefu, miaka ya 2006 na 2007, maziwa yameanza kuonekana Kilwa na Lindi kuliko enzi zangu. Lakini Mungu hakutunyima. Dagaa anayeliwa mzima, kichwa na miiba, ni kalsiamu tupu: unakula mifupa ili upate mifupa. Samaki mkubwa mnofu wake ni mtamu, ila kalsiamu yake iko kwenye mwiba mnaomtupia paka. Mchicha una kalsiamu lakini una kitu kinachoitwa oksalati kinachoishikilia, hivyo msiutegemee peke yake.

Mkiniuliza kuhusu chai kwa watoto, nasema hivi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilikadiria kwamba mtoto asipite miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo 30 basi asizidi 90, na kikombe kikubwa cha chai kina kama 45. Yaani kimoja asubuhi hakina neno. Kahawa muiache mpaka mkue, siyo kwamba itawafanya wafupi, huo ni uzushi usio na ushahidi, bali itawanyima usingizi, na usingizini ndipo mwili unapotoa kwa wingi homoni ya kukua. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, vya kopo, ambavyo nawaona vijana wa bodaboda wakivinywa na nyinyi mkiwaiga: kopo moja dogo lina kafeini kama miligramu 80 na sukari ya kuwatosha siku nzima. Hivyo vinanikera kuliko kahawa.

Jambo moja zaidi, la damu siyo la mfupa. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini. Chakula kitangulie kwa saa moja, ndipo chai ifuate. Wasichana wakubwa na mama wajawazito walishike hili kuliko yote niliyosema.

Nimeuacha ufuta makusudi, nimalizie nao. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza nchini kwa ufuta. Gramu 100 za ufuta usiokobolewa zina zaidi ya miligramu 900 za kalsiamu, wakati maziwa ya uzito huo yana kama 120. Sehemu ya kalsiamu hiyo inashikiliwa na oksalati ya ganda, mwili hauipati yote, lakini hata hiyo inayopatikana inafaa. Nasi tunafanya nini? Tunaupakia kwenye magunia, unakwenda kwenye chama cha ushirika, AMCOS, unakwenda mnadani, unapanda meli kwenda Asia, na mtoto wa mkulima anabaki na chai kavu na andazi. Msimu ukifika, kabla magunia hayajafungwa, mwambieni baba abakize debe moja nyumbani. Mama aukaange kidogo, autwange, autie kwenye uji na kwenye kisamvu, na kashata mnazoninyemelea mfukoni nazo zitengenezwe za ufuta.